Katana ya oda: kagua mpini kabla ya chuma

Wanunuzi wengi wa katana, upanga wa Kijapani, hubishana kutwa kucha kuhusu aina ya chuma: 1060, T10, 9260. Karakana za Longquan, China, zinakotoka nyingi za bei ya kati, zitakufulia chochote utakachotaja. Kasoro hujificha kwenye mpini, na upanga ukichomoka hewani, chuma kizuri hakimsaidii aliyesimama mbele yako.

Napanga hivi kwa anayetaka kukata mikeka iliyolowekwa.

1. 9260 au 1060, yenye ugumu mmoja kutoka makali hadi mgongo. 9260 ni chuma cha springi. Ukipiga vibaya hupinda kisha hujirudi. Pesa inayobaki itie kwenye mpini: ngozi ya samaki taa izunguke mbao yote, si vipande viwili vilivyobandikwa pembeni, na vigingi viwili vya mianzi, yaani mekugi, viingie kwa kukaza. Ukiupokea, sukuma utepe uliozungushiwa mpini kwa kidole gumba pale unapopishana. Ukiteleza, jasho litaulegeza mapema. Tazama na mapishano yenyewe: hapa wa kushoto uwe juu, panapofuata wa kulia. Fundi mvivu huurudia upande uleule mpaka mwisho. Kisha shika upanga kwa mkono mmoja na upige kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya mkono mwingine. Ukisikia mlio wa kugongana, kuna kitu kimelegea: kinga ya mkono, kigingi, au tundu la mbao lililochongwa pana kuliko ulimi wa upanga, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Hilo la mwisho ndilo baya, na wengine hulifunika kwa gundi, hata mpini hauvuliki tena kukaguliwa.

2. T10 iliyopakwa udongo kabla ya kuzimwa majini. Hamon yake, yaani mstari unaoonekana kando ya makali, ni ya kweli, si ya kuchorwa kwa asidi. Ila mgongo ni laini: ukikosea pembe, upanga hupinda na kubaki hivyo. Usianze nao.

3. Chuma cha kukunjwa. Wafuaji wa Japani walikunja tamahagane, chuma chao cha jadi, ili kusambaza kaboni na kutoa uchafu. Chuma cha kiwandani hakina shida hiyo. Hapa unalipia mawimbi ya urembo.

4. Stenlesi ya 440. Ukutani tu. Mara nyingi ulimi wake ni fito nyembamba iliyochomelewa.

Ukiagiza, usiongeze urefu wa mpini bila kuongeza ulimi. Wengi hutaka mpini wa sentimita 35, karakana ikauvalisha ulimi wa mpini wa 27, na mbao ikavunjika panapoishia chuma. Ulimi ufike angalau theluthi mbili ya mpini; dai picha yake ukiwa mtupu, kando ya rula, kabla hujamalizia malipo.

Mliopo Uingereza, tangu 2008 panga zilizopinda zenye wembe wa sentimita 50 au zaidi haziruhusiwi kuuzwa wala kuingizwa, isipokuwa kwa misamaha michache, ukiwemo wa zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Muuzaji akupe uthibitisho huo kwa maandishi.