Bendi Usiyoijua Glasgow: King Tut's au Barrowland?

Ukiwa mgeni Glasgow, Uskoti, na unataka kusikia bendi ya roki usiyoijua, anza na King Tut's, ukumbi mdogo wa muziki. Barrowland ni ukumbi wa zamani wa dansi, unaingiza watu wapatao 1,900, na sakafu yake hunesa wote wakiruka. Raha tupu! Lakini wenzako wanazijua nyimbo zote, wewe unabaki kutazama midomo yao.

King Tut's ni watu 300 tu. Unasimama karibu hadi unaona jasho likidondokea nyuzi za gitaa, na mpiga dramu akihesabu kwa vijiti. Hapo ndipo Alan McGee wa lebo ya muziki ya Creation Records alipowasikia bendi ya Oasis, Mei 1993, wakiwa hawajulikani, akataka kuwasainisha mkataba. Wahi mlangoni: bendi ya ufunguzi ndiyo ngeni kuliko zote.