Boksi za kupitisha mawimbi ya dishi kwenye faiba: kwa masafa marefu, nunua

Mafundi wa dishi wenzangu wa Nairobi, aliyewahi kuvuta RG6, waya wa kawaida wa dishi, kutoka paa la bloku moja hadi bloku ya mwisho ya kompaundi anajua picha inavyoganda. Waya huo hupoteza takriban desibeli 20 kila mita 100 kwenye megahezi 1000, na kwenye 2150 hasara hukaribia 30. Ukiongeza amplifaya, inakuza na kelele pia.

Kwenye kazi ya South C nikaweka jozi ya boksi niliyonunua Luthuli Avenue. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, hupokea maikrowevu za bendi ya Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, na kuzishusha hadi megahezi 950–2150. Boksi la paani huchukua mawimbi hayo na kuufanya mwanga wa leza ya nanomita 1310 uongezeke na kupungua vilevile yanavyopanda na kushuka. Boksi la chini hunasa mwanga uliopita kwenye faiba, uzi mwembamba wa kioo, na kuurudisha kuwa umeme, na dekoda haitambui tofauti. Faiba hupoteza kama desibeli 0.35 kwa kilomita nzima! Mita ilionyesha ubora wa bloku ya mwisho karibu sawa na wa paani, nikafurahi sana.

Lakini faiba ni kioo, haibebi stima. Volti 13 na 18 ambazo dekoda hutumia kuchagua polaraiti (mawimbi ya wima au ya mlalo), pamoja na toni ya kilohezi 22 ya kuchagua bendi ya juu au ya chini, haziifikii LNB. Boksi linahitaji stima yake huko juu, na jozi moja hubeba upande mmoja tu wa chaneli, yaani polaraiti moja na bendi moja. Muuzaji hakulitaja hilo, na ni kosa kubwa. Wapangaji wangu walitaka chaneli za upande mmoja, wakatosheka. Anayetaka zote atafute LNB yenye matokeo manne, jozi nne, na maltiswichi chini, kifaa cha kugawia dekoda nyingi chaneli zote. Hapo bei inapaa.

Tumia konekta ya kijani, SC/APC. Ncha yake imesagwa kwa mshazari wa digrii 8 ili mwanga unaorudi usiivuruge leza. Ya buluu huingia pia, usiiweke. Ifute ncha kila unapochomeka, alama ya kidole tu inatosha kuharibu kazi, na usichungulie ndani, leza hiyo haionekani kwa macho.

Mvua kubwa bado itakata picha, kwa kuwa matone hudhoofisha maikrowevu kabla hazijafika kwenye dishi. Kwa nyumba moja yenye waya wa mita 30, baki na RG6.