Niliuziwa mashine ya kuosha vyombo "ya miaka mitatu", kibati kikasema 2012

Yangu ni Bosch, ile ya kusimama yenyewe ya sentimita 60, ninayo toka Novemba 2022 hapa Kigamboni, nyumba ya watu nane na mama yangu mzazi ambaye vidole vinamuuma hashiki tena sufuria nzito. Niliinunua mtumba uliotoka Uingereza, laki sita na nusu, duka silitaji. Muuzaji akaniambia dada hii ina miaka mitatu tu, ilikua kwa mzungu mmoja hapiki kabisa. Nikaiangalia inang'aa, nikalipa, nikapakia kwenye kirikuu nikaenda zangu.

Kosa langu kubwa lipo hapo. Sikusoma kibati.

Nimekuja kukisoma 2024 mashine ilipogoma, tena kwa sababu fundi wa pili aliniambia mama, kabla sijatoka nyumbani fungua mlango wa mashine, angalia ukingoni mwa mlango kuna kibati au stika ya fedha, nipigie picha nione E-Nr na FD. Mimi nilikua nafuta pale kila wiki na sijawahi kujua kuna maana. Basi ilivyo ni hivi, E-Nr ndio jina kamili la mashine, yangu inaanza na SMS na kabla ya ule mkwaju (/) kuna GB, yani ilitengenezwa kwa soko la Uingereza, na hiyo ni nzuri kwetu maana plagi ni ileile ya pini tatu bapa na umeme ni uleule wa volti 230, huhitaji transfoma wala adapta (ukiletewa ya Marekani ya volti 120 usiiguse, hata kwa bure). Namba hiyo yote pamoja na tarakimu za baada ya mkwaju ndio unaombea spea, ukisema tu "Bosch nyeupe" utaletewa kitu hakiingii.

FD ndio tarehe. Yangu imeandikwa FD 9209. Unachukua tarakimu mbili za kwanza unajumlisha 20, 92 na 20 ni 112, achana na ile mia inabaki 12, basi ni 2012. Mbili za mwisho ni mwezi, 09, Septemba. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi kwa Siemens na Neff maana ni kampuni moja. Kwahiyo siku ninayolipa laki sita na nusu kwa mashine ya miaka mitatu, ilikua imeshatimiza kumi. Niliumia kwakweli, sio kwa ajili ya umri wenyewe, ni ile kudanganywa nikiwa nimesimama mbele ya jibu, mlango ukiwa wazi.

Na kama kibati kimebanduliwa (wengine wanabandua makusudi), tafuta stika ya matumizi ya umeme kama bado ipo au karatasi zake. Ukiona imeandikwa A+ au A++ au A+++ jua ni ya kabla ya 2021, maana Ulaya toka Machi 2021 alama za kujumlisha zimefutwa, imerudi A mpaka G. Kwahiyo mtu akikuambia mwaka huu "hii ni ya miaka miwili" na stika inasema A++, hapo huna haja ya kubishana nae, ondoka tu.

Sasa tuje kwenye kugoma. Siku hiyo ilianza kawaida, katikati ikasimama, chini kuna maji machafu na kioo kinaandika E24. Nikamwita fundi wa jirani anayetengeneza friji. Akafungua mgongo, akachungulia, hakupima kitu chochote, akasema bodi (ile saketi inayoendesha mashine) imeungua, laki nne na nusu na wiki mbili kusubiri. Laki nne na nusu kwa kitu nilichonunua laki sita na nusu! Mume wangu akasema tuuze chuma chakavu yaishe. Mimi nikakaa nayo siku tatu pale jikoni inanuka, roho inaniambia hapana, maana taa zote zinawaka, inaingiza maji, inaunguruma kama kawaida, kitu ambacho haifanyi ni kutoa maji tu. Bodi iliyoungua ndo ifanye hivyo?

Fundi wa pili (huyu wa kibati) alikuja na mita na kijiko, na kijiko kweli ndio kilifanya kazi. Kwanza alichomoa plagi kwenye soketi. Akatoa chujio la chini, akachota yale maji kwa kikombe na sponji mpaka pakakauka, halafu kuna kifuniko kidogo cheupe pale shimoni akakibenua kwa kijiko, ndani yake ndio kuna feni ya pampu ya kutolea maji. Akaingiza kidole taratibu sana, maana mara nyingi kinachokaa humo ni kioo kitakukata. Na kweli akatoa kipande cha glasi na mbegu ya ndimu. Kile cha glasi kilikua kimeshavunja bawa moja la feni, kwahiyo pampu ilibidi ibadilishwe, elfu sabini pampu na elfu thelathini ufundi. Laki moja jumla. E24 maana yake ni maji hayatoki basi, inaweza kua pampu, inaweza kua mpira wa kutolea maji umekunjwa nyuma ya kabati, inaweza kua bomba la sinki limeziba mafuta. Haisemi bodi popote.

Nimejifunza kitu hapo nakisisitiza kwa kila mtu: fundi anayetaja spea kabla ya kupima, mshukuru kwa kuja, mpe nauli, usimpe kazi.

Mara ya pili ilikua E15. Hii inatisha zaidi maana mashine inakataa kabisa, inabaki inavuta maji chini inatoa tu bila kuacha. Maana yake kuna maji yamefika kwenye trei ya chini kabisa, kuna boya pale limenyanyuka likabonyeza swichi ili nyumba isifurike. Mtandaoni utasikia iinamishe kwa nyuzi 45 maji yamwagike na itapona. Itapona ndio, lakini kama hujajua maji yametoka wapi itarudi keshokutwa. Kwangu hakikua kitu cha kubadilisha. Tablet za kuoshea ziliisha na mdogo wangu akaweka sabuni ya maji ile ya kuoshea vyombo kwa mkono, povu likajaa likapita kila upenyo. Jamani sabuni ile hapana, hata tone. Tuliikausha, nikaendesha mara mbili tupu bila sabuni, mpaka leo haijarudia.

Na ya tatu, E18, haiingizi maji ya kutosha. Hapa wengi wanaolalamika mashine ni mbovu tatizo lipo juu ya nyumba. Kitabu chake kinataka presha isipungue nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Maji yakikaa juu mita 10 yanakupa kama baa moja, kwahiyo nusu baa ni mita 5, na tenki langu lilikua juu ya stendi ya mita 3 tu kutoka koki ya jikoni. Siku tenki limejaa inajikongoja, likishuka inagoma. Tukafunga pampu ndogo ya presha ikaisha. Kabla ya kununua mashine yoyote pima kwanza tenki lako.

Niseme na kuhusu maji ya kisima maana Kigamboni wengi tupo kwenye chumvi. Mashine ina sehemu ya kuweka chumvi yake maalum, hiyo ni kwa ajili ya kuondoa ugumu wa maji, ule unaoacha ukungu mweupe kwenye glasi. Haiondoi chumvi yenyewe ya maji ya pwani, kitu tofauti kabisa. Nilipotumia maji ya kisima miezi minne ya mwanzo, vijiko vilitoka na madoa ya kutu na kapu la chini likaanza kutoboka ile plastiki kwenye ncha. Sasa naendesha kwa maji ya bomba tu, yasipotoka tunaosha kwa mkono siku hiyo. Na usiweke chumvi ya mezani mule, punje zake ni laini zinaganda zinaziba.

Kuhusu kazi yenyewe ya kuosha, naipenda na sitaki kuficha. Sahani za pilau, vikombe, bakuli za mchuzi wa nazi, vyote vinatoka vikavu vinateleza ukipitisha kidole, bora usilundike na uhakikishe ile mikono ya kurusha maji inazunguka bila kugonga mpini wa mwiko. Sufuria zetu za alumini ndio zinageuka nyeusi, hizo weka pembeni, na vinu na miko ya mbao vivyo hivyo. Maji nilipima mwenyewe, nikaweka mpira wa kutolea kwenye ndoo ya lita 20, programu ya eko yote ikaisha ndoo haijajaa, ilifika kama lita 12. Mkono unamaliza ndoo tatu kwa vyombo vilevile. Umeme inakula karibu uniti moja, lakini inachukua zaidi ya saa tatu, kwahiyo naiwasha usiku. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inaendelea ilipoishia.

Sasa swali ambalo mume wangu ananiuliza kila ikikohoa, tutaitengeneza mpaka lini? Tumekubaliana hivi. Mpya ya hadhi yake nilipoulizia zilikua zinaanzia milioni moja na laki sita. Chujio, mpira wa mlango, pampu ya kutolea, mikono ya kurusha, magurudumu ya kapu, hivyo natengeneza bila kufikiri. Lakini kwenye mashine hii hita na pampu kubwa ya kuzungusha maji ni kitu kimoja, ikileta E09 maji hayapati moto, fundi ameniambia kwa uzoefu wake ni kama laki tatu na themanini na kazi. Kwa mashine ya 2012 hiyo siweki. Ingekua ya 2020 ningeweka siku hiyohiyo. Na nikiona kutu imetoboa tumbo la ndani, hata tundu dogo, hapo hakuna fundi, nang'oa pampu niliyonunua na makapu nauza spea.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mama ndio anasimamia ukaguzi, anakalia stuli, mimi natoa chujio nalisugua kwa mswaki, napitisha tochi kwenye kona za chini za mlango kuangalia kutu. Mwezi uliopita kona ya kushoto kulikua na doa la rangi ya chai. Nililifuta likatoka lote.

Mashine naipa nyota nne. Fundi wa kijiko tano. Aliyeniuzia simpi hata moja.