Rangi za mkono mmoja kwa vijisanamu: uzoefu wangu baada ya kupaka jeshi zima

Nianze na jibu la swali la kama zinafaa kununuliwa, maana najua wengine mnasoma mkiwa tayari mmeshika pochi. Rangi za mkono mmoja, yaani zinazopakwa mara moja tu badala ya tabaka juu ya tabaka, ni nzuri mno kwenye manyoya, vitambaa, mifupa na ngozi ya mwili. Kwenye kitu kilicho bapa na laini zinaaibisha. Na lile dai la kuokoa muda ni la kweli, ila muda wenyewe unaokolewa mwishoni na kudaiwa mwanzoni, kwenye kukata, kukwangua na kupiga praima, ile rangi ya kwanza ya kuzishikiza rangi nyingine. Nimezipaka kwenye jeshi langu lote, kuanzia askari wa miguu hadi jemadari wao, na bado ndizo ninazozishika kwanza nikikaa mezani.

Kwa ambaye hajawahi kuzigusa: kijisanamu cha mchezo wa mezani, cha kimo cha milimita 28 au zaidi kidogo, kwa kawaida hupakwa kwa hatua. Praima, halafu rangi ya msingi, halafu rangi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo iwe kivuli, halafu rangi nyepesi zaidi kwenye kingo iwe mwanga. Ukiwa na askari mmoja ni starehe. Ukiwa na kikosi kizima cha wanaofanana, ukifika kwenye kivuli tayari umeanza kuwachukia. Mwaka 2019 Games Workshop, kampuni ya Uingereza inayotengeneza Warhammer, mchezo wa vita wa mezani, ilitoa Contrast, rangi 34 zilizobuniwa kuzifanya hatua hizo kwa mkupuo. Baadaye zikaja Speedpaint za The Army Painter, Xpress Color za Vallejo na nyinginezo. Kanuni ni ileile: akriliki yenye rangi kali iliyochanganywa kwenye kimiminika kinachoteleza. Ukiipaka juu ya praima nyeupe au ya kijivu hafifu, inateremka kutoka sehemu zilizoinuka na kujikusanya mabondeni. Juu inabaki nyembamba, praima inapenya kuonekana, unapata mwanga. Mabondeni inakolea, unapata kivuli.

Nimetumia za zaidi ya kampuni moja, na sitasema hili la nani na lile la nani. Tabia zake zinafanana kuliko matangazo yanavyotaka tuamini.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba rangi hizi zinakusemea uvivu wako wa kuunganisha. Kila kipande cha plastiki kinachotoka kwenye fremu, ile ya plastiki ambayo vipande huuzwa vikiwa vimeshikana nayo, kina mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Rangi ya kawaida, nzito na isiyopenya mwanga, humsitiri mtu kidogo. Mshono mdogo unafunikwa na maisha yanaendelea. Rangi ya mkono mmoja haijui kusitiri. Ikikutana na mshono inauchukulia kama ukingo halisi, inakimbia juu yake na kutuama pande zote mbili, na shujaa wako anapata kovu kutoka sikioni hadi begani. Kwa hiyo kata kipande kwa koleo la kukatia lenye upande bapa, acha kishina kidogo, kimalizie kwa kisu, kisha pitisha mgongo wa kisu taratibu juu ya kila mshono. Mgongo, usitumie makali, makali yanachimba. Kwenye mikunjo ambako kisu hakiingii, msasa laini uliokunjwa mara mbili unatosha.

Mianya ya viungo nayo ni vilevile. Vijisanamu vya polistaireni, plastiki ngumu ya kawaida, ninavigundisha kwa gundi ya plastiki ile ya majimaji, ambayo inayeyusha nyuso mbili mpaka zinashikana kuwa kitu kimoja. Ukibana kidogo, plastiki iliyolainika inajitokeza kwenye mwanya. Iache ikauke kabisa, ikwangue, na kiungo kinapotea. Resini, aina nyingine ya plastiki inayomiminwa kwenye kalibu, haikubali gundi hiyo, inataka supa gluu, na kabla ya hapo inataka kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kutoa mafuta ya kalibu. Anayeruka kuosha ataona praima inabanduka kama ngozi iliyoungua jua.

Swali ninaloulizwa sana ni kama upake kwanza ndipo uunganishe au uunganishe kwanza. Kwa rangi hizi mimi huacha bila kugundisha ngao, joho kubwa na chochote kinachofunika kifua. Sababu ni kwamba hupati nafasi ya pili: ukishindwa kufika nyuma ya ngao kwa brashi, huwezi kurudi baadaye na kuongezea tone bila kuacha alama. Sehemu zitakazogundishwa zizibe kwa kipande cha utepe kabla ya praima, la sivyo utakuwa unagundisha rangi kwa rangi, na mkono utatoka siku ya mchezo.

Praima ndiyo nusu ya matokeo. Inatakiwa iwe laini. Praima ya makopo ikipulizwa kutoka mbali sana, au siku ya unyevu mwingi hewani, inatua ikiwa na punje kama unga, na rangi ya mkono mmoja ikifika hapo inasimama badala ya kuteremka. Mimi hukaa kati ya sentimita 20 na 30, napuliza kwa mapigo mafupi, nazungusha. Kuna mtindo uliopendwa sana miaka ya karibuni wa kuanza na praima nyeusi, ukapangusa kwa brashi kavu yenye kijivu, kisha nyeupe kwenye ncha, ndipo ukapaka rangi juu. Kivuli kinakuwa kizito na cha kuvutia, sikatai. Lakini rangi zenyewe zinafifia, na njano inaumia kuliko zote. Juu ya weusi inageuka kijani cha ugonjwa. Jeshi lenye rangi angavu lipakie juu ya nyeupe tupu.

Sasa kupaka kwenyewe. Hapa ndipo rangi hizi zinapopendeza kweli. Joho lenye mikunjo mirefu linakamilika mbele ya macho yako, na manyoya ya mbwa mwitu yanatokea unywele kwa unywele bila wewe kufanya lolote la maana. Mifupa ndiyo ninayoipenda zaidi: rangi ya mfupa juu ya nyeupe, kikosi cha wafu kinasimama tayari kabla hujachoka. Tumia brashi namba 2 yenye tumbo la kubeba rangi na ncha nzuri. Zile za nywele tatu zinakausha rangi kabla hujafika nusu. Paka sehemu moja hadi ukingo wake, kisha nenda nyingine. Ukiona dimbwi limetuama chini ya goti, kausha brashi kwenye karatasi na ulinyonye. Ila likishaanza kushika, liache. Kulichokoza likiwa nusu bichi kunaacha pete chafu ambayo haitoki mpaka upake upya.

Kwenye nyuso laini hadithi inabadilika. Mabamba ya mabega, vifaru, ngao pana: rangi haina bonde la kukimbilia, kwa hiyo inajikusanya popote inapotaka na kukauka kwa mabaka. Nimeona watu wakitetea mabaka hayo kuwa ni uchakavu wa vita. Haya. Mimi mabamba nayapaka rangi ya kawaida, mikono miwili myembamba, na rangi ya mkono mmoja naichorea tu kwenye mifereji kati ya bamba na bamba. Mwenye brashi ya hewa, kifaa kinachopuliza rangi kwa upepo, anaweza kuipuliza na kupata usawa mzuri, lakini kama unayo brashi ya hewa na unajua kuitumia, huenda hata hukuwa na haja ya rangi hizi.

Ujanja mmoja uliolipa: ipake juu ya rangi ya fedha. Buluu juu ya fedha inakuwa chuma cha kichawi, na kahawia ya dhahabu inageuza fedha kuwa shaba iliyozeeka. Kwa panga na helmeti sijapata njia rahisi kuliko hiyo.

Udhaifu unaoniudhi ni uimara. Kabla ya vanishi, rangi hizi zinachubuka kwenye ncha kwa kushikwashikwa tu. Pua na vifundo vya vidole ndivyo vinavyotangulia kurudi vyeupe. Vanishi isiyong'aa ni lazima, na wakati wa kupaka shikilia kijisanamu kwa kitako, au kibandike juu ya kizibo cha chupa. Seti moja niliyoitumia ilikuwa na jambo baya zaidi: ikishakauka, ukiigusa na rangi nyingine yenye maji, inaamka na kuchanganyika nayo. Nilikuwa naweka nyeupe ya jino, inatoka ya waridi. Kabla hujaiamini seti mpya, paka tone kwenye kipande cha fremu, liache hadi kesho yake, kisha lisugue kwa brashi yenye maji. Brashi ikitoka na rangi, panga kazi yako ili vanishi itangulie kila nyongeza.

Maji nayo yasiwe dawa ya kupunguza ukali wa rangi. Yakizidi, rangi inaacha kuteremka ilivyokusudiwa na inakauka kwa madoa. Nunua midiamu ya mtengenezaji yuleyule, yaani kile kimiminika chake kisicho na rangi, na uchanganye kwenye paleti. Nyekundu na kijani kutoka chupani kwangu ni kali mno kwa ngozi au kitambaa kilichopauka. Nusu kwa nusu na midiamu zinatulia. Tikisa chupa kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu rangi hutuama chini na matone ya kwanza yanaweza kutoka maji matupu.

Boksi kubwa la rangi zote nisingelinunua tena. Lina zambarau na waridi nyingi ambazo bado ziko zimejaa, wakati kahawia imeshakwisha. Chukua kahawia mbili, moja ya ngozi ya viatu na moja ya mbao, rangi ya mfupa, rangi moja ya ngozi ya mwili, nyeusi, na rangi kuu ya jeshi lako. Midiamu chukua chupa mbili.