Dara, karibu na Mardin: ngome iliyomtoa jasho Khosrow

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano wameichukua wabeba mawe.

Anayekwenda Dara (kijiji cha Oğuz, kama kilomita 30 kusini-mashariki mwa Mardin, Uturuki) akitarajia boma refu atavunjika moyo. Mawe mengi ya kuta yamejengewa nyumba za kijiji. Vilivyosalimika ni makaburi yaliyochongwa kwenye machimbo ya mawe na mabirika ya maji. Birika kubwa, wenyeji huliita zindani, yaani gereza, linashukwa kwa ngazi nyingi: viatu visivyoteleza, na mwenye magoti mabovu abaki juu. Kiangazi nenda alfajiri, jua la huko halina mzaha.

Mpenzi wa habari za vita asikawie sana birikani, aende upande wa mashariki, alikokwama Khosrow, mfalme wa Uajemi, alipouzingira mji huu wa Warumi mwaka 540. Kwa maelezo ya Procopius, mwanahistoria wa zama hizo, kuta zilikuwa mbili. Wa ndani ulikuwa na kimo cha futi 60 na minara ya futi 100. Kati yake na ule wa nje paliachwa futi 50, ambamo wenyeji waliswaga ng'ombe wao adui akija. Pima hatua 20 chini, utaona ni uwanja mpana kiasi gani.

Magharibi Waajemi walichoma malango ya ukuta wa nje, ila hakuna aliyethubutu kuingia. Kwingine ni mwamba mtupu. Mashariki ndiko kulikochimbika. Wakachimba kwa siri, wakaupita ukuta wa nje kwa chini, wakawa wanauelekea wa ndani. Warumi wakatonywa. Theodorus, bingwa wa mitambo, akachimbisha handaki lenye kina, la kukingama, katikati ya kuta, palepale pa ng'ombe. Waajemi wakatumbukia humo bila kujua: wa mbele wakauawa, wa nyuma wakarudi mbio. Khosrow akapokea kwa watu wa mji ratili 1,000 za Kirumi za madini ya fedha, karibu kilo 327, akaondoka zake. Ukiniuliza, kwa jeshi la mfalme hayo ni malipo ya nauli.

Usitarajie kuoneshwa handaki lenyewe; soma kisa kabla ya kufika, la sivyo utaona kokoto tu. Ukiwa na nusu siku zaidi, unganisha na Nusaybin, Nisibis ya zamani, iliyokuwa mikononi mwa Waajemi tangu 363. Ndiyo jirani iliyomfanya Anastasius, kaizari wa Warumi, aijenge Dara kuanzia 505. Khosrow huyohuyo alirudi mwaka 573, na safari hiyo akauteka mji.