Gasketi ya silinda hedi ya pikipiki: ipi ununue, na shaba inafaa lini

Gasketi inayoziba kati ya bloku ya silinda na hedi (kifuniko chake cha juu) ikiungua, wengi wakifika duka la spea huulizia shaba moja kwa moja. Shaba inasifiwa kwa kudumu, na inastahili sifa hiyo. Hata hivyo, kwa pikipiki ya kazi ambayo injini yake haijabadilishwa, sisi hatuipi namba moja. Mpangilio ulio hapa ni wa injini ndogo za stroki nne zinazopozwa na hewa, za aina ya Honda CG125.

1. Gasketi ya kompoziti ya modeli yako

Hii ni ya nyuzi au grafiti iliyoshikwa na bati jembamba, yenye pete ya chuma kuzunguka tundu la silinda. Pete inazuia moto, na ile sehemu laini inajaza mikwaruzo midogo na kuzuia oili. Kwa sababu hiyo inavumilia hedi ambayo haiko laini kabisa. Ikishakazwa mara moja haitumiki tena, hata kama inaonekana nzima.

Nenda dukani na gasketi ya zamani. Zilaze pamoja uhakikishe matundu ya stadi (boliti ndefu za kufungia hedi), ya oili na ya pushirodi, yaani fimbo zinazosukuma valvu kutoka chini (au njia ya cheni ya taimingi), yanalingana. Kisha pima tundu kubwa kwa venia (kipimo cha kubana cha milimita). Kipenyo cha silinda ya CG125 ni milimita 56.5, na ikichongwa kwa oversaizi ya 1.00 (kupanuliwa kwa milimita moja) kinakuwa 57.5. Tundu la gasketi liizidi silinda kwa nusu milimita hivi kila upande. Ukingo ukichungulia ndani utakuwa mwekundu kwa joto na kuwasha mchanganyiko kabla ya plagi. Injini itagonga, na mwisho pistoni inaweza kutoboka. Kipimo hiki kinahusu gasketi za aina zote, na ndicho kinachosahaulika zaidi baada ya kuchonga bloku.

2. Ya chuma yenye tabaka nyingi

Nguvu yake iko kwenye mikunjo inayofanya kazi kama springi, hivyo inaendelea kubana hedi inapotanuka na kusinyaa. Inadai nyuso laini sana. Hedi iliyosuguliwa kwa msasa na mkono haiifai. Itavuja oili wiki ya kwanza. Inunue ikiwa imetengenezwa kwa modeli yako na hedi imeskimiwa (imesawazishwa uso) kwa mashine.

3. Shaba tupu

Hupanda hadi namba moja katika hali tatu: kompresheni (kiwango cha kubana mchanganyiko) imepandishwa, gasketi za kawaida zinaungua mara kwa mara ilhali nyuso zimenyooka, au injini ni ya zamani na spea yake haipatikani, kwa kuwa shaba inaweza kukatwa kutoka kwenye bamba. Triumph za 650 za Uingereza zilitoka kiwandani na gasketi ya shaba. Inapitisha joto vizuri, haiungui kirahisi, na hutumika tena ukiilainisha. Udhaifu wake ni kwamba haina springi: inazuia gesi vizuri, lakini oili inapita pembeni usipoisaidia.

Unene ndio uamuzi mkubwa. Chukua injini ya CG125 yenye kompresheni ya 9 kwa 1. Ukiongeza nusu milimita tu kwenye gasketi, chumba cha moto kinaongezeka cc 1.25 hivi na kompresheni inashuka hadi 8.4 kwa 1. Nguvu inapungua, na pikipiki inaanza kuchoka mlimani. Kwa injini ya pushirodi, nafasi ya valvu (mwanya kati yake na rokaamu, chuma kinachoisukuma) nayo inaongezeka. Kwa ya cheni, taimingi (wakati wa valvu kufunguka na kufungwa) inachelewa kidogo. Nunua unene ule ule wa gasketi ya zamani ilivyokuwa baada ya kubanwa, usiukisie kwa macho.

Kabla ya kufunga, weka rula ya chuma juu ya hedi, kisha juu ya bloku, mshazari kwa mshazari. Fila (kibapa cha kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ikipita chini ya rula, peleka kuskimu. Kompoziti ingeweza kusamehe hapo, shaba haisamehi.

Shaba ngumu haibani, kwa hiyo ilainishe. Kaa kivulini uione rangi, zungusha moto wa gesi polepole hadi pete nzima iwe nyekundu hafifu, kisha itumbukize kwenye maji. Usiogope: maji hayaifanyi shaba kuwa ngumu kama yanavyofanya kwa chuma cha pua kigumu (stili), na yanasaidia kuondoa magamba meusi. Moto ukizidi, shaba inayeyuka. Futa kwa msasa laini na usiipinde tena, maana kila mkunjo unairudishia ugumu.

Pulizia dawa ya shaba ya kopo tabaka mbili nyembamba kila upande, uache hadi inate kidoleni. Silikoni ya joto kali ipakwe kama utando tu kuzunguka njia ya oili na ya pushirodi. Ikiwa nyingi inasukumwa ndani, inaziba tundu la oili, na rokaamu zinakauka. Kama kuna ringi ya mpira kwenye njia ya oili, hakikisha inabanwa. Shaba nene huiacha ikielea.

Kaza nati kwa mshazari, kwa hatua tatu. Za M8 kwenye injini nyingi ndogo huishia kati ya Nm 20 na 25, ila kitabu cha modeli yako ndicho kinachoamua. Kama umetumia silikoni, subiri saa 24 kabla ya kuwasha. Iache ichemke, ipoe kabisa, kaza tena, kisha rudia baada ya kilomita 100 hadi 200. Kila ukikaza, pima upya nafasi ya valvu.

Za kuacha kabisa

Gasketi mbili zikipandwa juu ya nyingine zinaongeza unene na njia ya kuvuja. Gasketi iliyokatwa kwenye bati la kopo haina ulaini wa kuziba. Na seti ambayo pete yake ya chuma imeachia au imepinda ndani ya pakiti, irudishe hapo hapo kaunta.