Viskomita ya kuzungusha: uzoefu wangu wa miezi minane kwenye sosi ya nyanya

Tunatengeneza sosi ya nyanya hapa Morogoro, na wateja walikuwa na lalamiko moja: chupa hii inamwagika kama maji, ile mpaka uigonge kitako. Ndipo tukanunua viskomita, mashine ya kupima mnato, yaani jinsi kimiminika kilivyo kizito, ile yenye spindeli inayozunguka ndani ya sampuli huku springi ikipima ukinzani.

Wiki ya kwanza niliamini tumeuziwa mbovu. Spindeli namba 3, mizunguko 10 kwa dakika: sentipoizi (kizio cha mnato) 6,800. Sosi ile ile, mizunguko 60: 1,900. Nikampigia muuzaji, akasema nibadilishe sampuli. Nikabadilisha, yakawa yale yale. Kumbe mashine ilikuwa inasema kweli. Asali safi uikoroge polepole au haraka, mnato wake haubadiliki. Sosi ya nyanya hulegea kadiri unavyoisukuma. Namba isiyotaja spindeli, mwendo na jotoridi haikusaidii kitu, na hilo muuzaji angepaswa kunieleza kabla ya kupokea hela.

Kilichonisumbua zaidi ni muda. Ukiwasha tu, namba inashuka mbele ya macho yako. Mwenzangu anasoma sekunde ya 20, mimi ya 90, tunabishana bure. Sasa sampuli inakaa kwenye beseni la maji ya nyuzijoto 25, inatulia dakika kumi, spindeli inaingizwa kwa mshazari isibebe mapovu, na tunasoma dakika ya kwanza ikitimia. Nguvu ya kuzungusha ikionyesha chini ya asilimia 10 ya uwezo wa mashine, hatuandiki. Tunachukua spindeli kubwa zaidi.

Faida niliiona siku tulipopima mapishi mawili. Kwenye mizunguko 60 yalikaribiana, 1,900 na 1,850. Kwenye 10, la kwanza 6,800, la pili 4,300! Mwendo wa polepole ndio unaofanana na sosi inayotoka shingoni mwa chupa. Tukafuatilia: nyanya za pishi la pili zilisagwa mbichi zikasubiri sufuria, na vimeng'enya vyake vikala pektini, ile inayoipa sosi uzito. Siku hizi zikisagwa tu zinapashwa moto papo hapo, hadi kupita nyuzijoto 85.

Mafuta ya kuhakikia vipimo hayakuja na mashine, tuliyanunua kando. Hata hivyo ningeinunua tena. Tangu tubadili usagaji, mapishi yetu yote yamepita 6,000 kwenye mizunguko 10.